Suruali Iliyomchoma Wilbard

Wilbard wa Balangdalalu alipasuliwa ngiri wakati mkoa wa Manyara ungali mchanga, nasi tumeahidiwa kwamba huduma sasa zitatusogelea. Upasuaji ulifanikiwa sana. Kidonda kilikauka na kovu likawa la kuonyesha wageni. Kasoro ilikuwa moja tu: Wilbard hakuweza kuvaa suruali.

Nguo ikimgusa kinenani, alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Akawa anajifunga kanga nyepesi ya mkewe, Hilda, hata kanisani. Waumini, kwa upendo wao wa Kikristo, walimwachia benchi zima, na haikuchukua muda kijiji kikawa na maelezo ya kitaalamu kuhusu kilichokatwa kule hospitalini.

Alirudi kwa mganga aliyempasua. Mganga akalisifu kovu.

"Umepona, mzee. Maumivu haya yako kichwani."

"Kichwani hapaniumi," Wilbard alijibu.

Akapewa panadol, nadhani kwa ajili ya kichwa.

Biashara huria nayo haikumtupa. Pale senta, mfanyabiashara mmoja, Tadei, alikuwa amefungua duka la dawa, na kwa kuwa zamani aliuza saruji, ujuzi alikuwa nao. Alimuuzia vidonge vyekundu, halafu vya njano, halafu akamshauri achanganye.

Miaka ikapita hivyo, Hilda akilima na ng'ombe peke yake. Kisha hospitalini akaja daktari mmoja kijana, Kissa, mtu wa Mbeya, aliyekuwa akichunguza neva za watu wanaoendelea kuumwa baada ya kupasuliwa. Wilbard alikataa kwenda.

"Baba Renatus," Hilda akamwambia, "kijiji kizima kimeshakujadili. Mtu mmoja zaidi atakuharibia nini?"

Wakaenda. Vifaa vya Kissa vilikuwa pamba, uzi wa nailoni na kijiko kilicholowekwa kwenye maji baridi.

"Shikamoo, mzee. Fumba macho. Ukihisi kitu, sema."

Alimgusa paja kwa uzi, Wilbard akasema. Akamgusa chini ya kovu. Kimya.

"Mbona huanzi?" Wilbard akauliza.

"Hapo nimeshamaliza."

Kisha akapitisha pamba juu kidogo ya hapo, na mzee mzima akashika kitanda kwa mikono miwili.

"Neva ya hapa iliumia siku ile ya upasuaji," Kissa alisema. "Upande mmoja umekufa ganzi, upande mwingine unapiga kelele bila sababu. Huna wazimu. Mko wengi."

Wilbard akalia, kwa furaha ya kuambiwa kwamba ni mgonjwa kweli.

Alipewa dawa ya neva ya kumeza kabla ya kulala. Ilimkausha mdomo, na maumivu hayakuisha, ila yalipungua kiasi cha kuvumilika. Msimu uliofuata wanakijiji wote walikumbuka kwamba wao walisema tangu mwanzo ni neva. Wilbard alirudi shambani akiwa na suruali pana, akalima mpaka jua lilipoanza kuwaka, akakaa kivulini. Sehemu iliyobaki alimalizia Hilda, ambaye mgongo wake hakuna aliyewahi kuuchunguza.