Nilishasimama, kumbe anayeitwa ni Salim

Nimeaibika leo Kiembeni. Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa.

Bakari, niliyemfunza hesabu miaka ya tisini kule Mtopanga, alikuwa akimwoza binti yake. Kabla ya nikaha akatangaza: "Mwalimu wangu yuko hapa. Namuomba aje akae kando yangu."

Nikasimama. Nikanyoosha kanzu.

Bakari akanipita, akaenda kumshika mkono Salim.

Salim! Mwalimu wa jiografia aliyekuwa akiacha vipindi ovyo! Mimi sikukosa hata kimoja, na darasa langu lilikuwa la kwanza kwa hesabu kata nzima.

Baada ya biriani nikamvuta Bakari pembeni. "Mwanangu, hesabu ulifunzwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu, Mungu akulipe. Lakini nilipotoroka kwenda kuwauzia watalii shanga, Mwalimu Salim alinifuata ufuoni, viatu mkononi, mpaka nikarudi darasani."

"Kumbe vile vipindi alivyoacha..."

"Alikuwa akinitafuta mimi. Na wenzangu."

Nikarudi nilipokuwa nimekaa.

Lakini wallahi roho bado yaniuma. Walimu wenzangu, mimi niliwafunza waliokuja. Hiyo nayo si kazi? Hebu semeni.