Mkono Uliokosa Kaburi

Kazi yangu ni kudai fidia za watu walioumia kazini, na nisikudanganye, imenijazia nyumba viungo vya watu. Nikikata kitunguu naona vidole vya mteja. Mawakili wenzangu wananiambia nipumzike, nikatembee ufukweni. Ufukwe uko hapo chini ya ofisi yangu, mtaa wa Point hapa Durban, naupita kila siku na haujanisaidia chochote.

Anayenifuata zaidi ni mama mmoja wa Bujumbura, Mwislamu kama mimi, aliyekuwa akikata maboksi kwenye kiwanda kimoja kule Mobeni. Msimamizi wake aliondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka. Mashine ikamkata mkono wa kulia.

Alipokuja ofisini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nimepanga maswali yote ya kumbana yule msimamizi. Yeye akaniuliza, "Mwanangu, mkono yangu iko wapi?"

Nikamwambia tuanze na kesi. Akatikisa kichwa. Kwetu Waislamu kiungo kilichokatika huviringishwa kitambaa kikazikwa, na yeye siku ile alikuwa hajitambui, wala hakuwa na ndugu hapa Durban wa kumsemea. "Kila alfajiri vidole vinanikaza," akasema. "Haiwezi kutulia ile mkono. Haina kaburi."

Basi nikaenda hospitali mwenyewe, nikagombana na kila aliyekaa nyuma ya meza, maana mdomo wangu haujui kufungwa. Mwishowe mfanyakazi mmoja akaniambia taratibu kwamba viungo visivyodaiwa huchomwa pamoja na taka. Nilikaa kwenye gari nikalia kwa hasira. Kisha nikaenda kumwambia ukweli, kwa sababu kumficha nisingeweza.

Hakulia. "Eish," akasema, neno alilolipata hapahapa mjini. Alijua kwamba mimi ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti msikitini kwetu. Akanitazama sana. "Basi siku ya kuniosha, utakuwa wewe. Usiiruke ile mkono."

Nikamwitikia, ndiyo mama, upesiupesi, ili tu turudi kwenye kesi.

Kesi tulishinda. Wakili wa kiwanda, yuleyule aliyesema mama alizembea, akaja kunipongeza na kuninyooshea mkono. Nikauangalia ule mkono, mzima, una pete. Nilishindwa kuushika, na sikujali amenionaje.

Mwaka jana presha ikamchukua yule mama, nami nikaitwa kumwosha. Mwenzangu alikuwa bibi mmoja mzoefu, asiyependa kucheleweshwa. Tulipofika kwenye kumtawadhisha, tukaanza na mkono wa kulia kama ilivyo. Bibi akapitisha maji kwenye kigutu, akahamia kushoto.

"Subiri, bibi," nikasema.

Nikachukua birika. Nikamimina pale ambapo kiganja kingekuwapo, kisha pale ambapo vidole vingekuwapo, kimoja kimoja, nikivipitishia vyangu katikati. Maji yakawa yanagonga ubao. Bibi alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Nilipomaliza sikuuondoa mkono wangu. Niliogopa, sikufichi, kwamba vile vidole vitanishika. Havikunishika, na hapo ndipo nikalia.