Mstari Niliokuwa Nauruka

Kanisani kwetu Nachingwea kila mtu anajua kwamba mimi Baba Yetu siimalizi vizuri. Naanza na wenzangu kwa sauti kubwa, maana sauti Mungu kanipa na sioni sababu ya kuificha, lakini tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nafunga mdomo. Kwenye mkate nipo, kwenye vishawishi nipo, hapo katikati sipo. Mama mmoja wa kwaya aliwahi kunigusa begani akidhani nimesinzia. Nikamwambia, "Sijasinzia, dada. Nimekataa."

Aliyenifanya nikatae ni mjomba wangu, kaka wa mama. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye watoto. Baba ni mgeni anayeheshimiwa. Mama alipofariki nikapelekwa Malolo kwa mjomba bila mtu kuniuliza, na mjomba alikuwa katekista. Watu wakasema mtoto ana bahati, amepata nyumba ya dini. Bahati hiyo ningewagawia wote. Kila jioni alinisimamisha nisali Baba Yetu, na nikikosea neno ananifungia stoo pamoja na mifuko ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Unga ule unaingia machoni, unaingia puani, unakohoa, unalia, na ukilia ndiyo unazidi kuwasha. Nilikuwa mtoto mdogo. Nilikuwa namwita mama yangu aliyeko kaburini, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwita.

Nilipokua nikaondoka Malolo. Sasa nauza chai na chapati Nachingwea, mji ambao msimu wa kupulizia ukifika wote unanuka salfa. Mteja anakuja moja kwa moja kutoka shambani na shati lililogeuka njano kwa unga, anaagiza chai ya maziwa, mimi naimimina nje ya kikombe, yote kwenye sahani. Chuki hiyo nimeiungama kwa padri mpaka padri kachoka. Mara ya mwisho aliguna nyuma ya kidirisha cha kitubio, akasema, "Mama, huyo mjomba wako sasa namjua kuliko ndugu zangu. Nenda ukamwone." Nikamwambia hayo malipizi ni ya kunionea, anipe rozari. Akasema rozari nilishazimaliza.

Nisingeenda, nasema kweli. Lakini binti yangu akapata mchumba. Wazee wa upande wa mwanamume wakaja, wakanywa chai yangu, wakala chapati zangu, kisha mkubwa wao akajifuta mdomo na kuuliza, "Mjomba yuko wapi?" Mimi sina kaka, kwa hiyo mjomba wa ukoo amebaki yeye. Nikasema maneno yote nitayapokea mimi. Wakatazamana, wakaomba ruhusa ya kuondoka kwa adabu sana. Posa haizungumzwi mahali pasipo na mjomba. Binti yangu akaniangalia na macho yale, na mimi macho yale siyawezi.

Nikapanda bodaboda. Dereva alizungumzia mpira hadi Ruangwa, na kutoka Ruangwa hadi Malolo akarudia mechi ileile, mimi nyuma napanga hotuba. Padri alisema msamaha ni zawadi. Zawadi gani hiyo, nilikuwa nimeishika kama rungu.

Mjomba nilimkuta amekaa kibarazani, mzee mkavu, macho yameingia ukungu. Nilikuwa nimeapa sitampigia magoti. Magoti yakapiga yenyewe, mazoea mabaya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikamtajia jina. Hata maji sijapewa, nikasema, "Nimekuja kukusamehe."

"Nani kakuomba?"

Ebo! Nimetoka Nachingwea na vumbi mpaka kwenye meno, halafu nani kakuomba! Hotuba yote ikayeyuka, nikabaki na kelele. Nilimwambia habari ya stoo, ya salfa, ya macho yangu yaliyokuwa yanavimba asubuhi. Majirani wakatoka nje, wakajifanya wanafagia. "Nilikuwa mtoto!" nikapiga kelele. "Nilikuwa namwita marehemu dada yako, na wewe umekaa hapa hapa!"

 Akasema, "Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Nilijiandaa kwa mtu atakayekataa. Huyu amekubali. Nikakaa chini nikalia, na haikuwa huruma, ilikuwa hasira tupu, kamasi na vyote. Hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza nikajifuta kwa khanga, nikamweleza shida iliyonileta, kwamba mjukuu wake anaolewa na watu wanamtaka mjomba.

"Nitakuja," akasema. "Lakini jambo la ndoa halianzi bila sala."

Katekista ni katekista. Akaanza Baba Yetu, nikamfuata, nikijua nitafunga mdomo wapi. Mkate ukapita. Halafu kimya. Si mimi, mimi sehemu yangu ilikuwa bado. Ni yeye aliyenyamaza, kabla hata ya kuomba tusamehewe. Nikajua ni uzee, nikamnong'oneza maneno.

"Nayajua," akasema. "Hapo huwa naruka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Na ulikuwa unasalisha watu!"

"Nilikuwa nakohoa."

Jamani, nilicheka. Miaka yote kigango kizima kinamhurumia mzee kwa kifua chake, kumbe ni mimi! Nikamwambia na mimi huwa naruka, mstari huohuo, ila sehemu yake ya pili. Akageuza uso wake upande wangu, akatafuta nilipo.

"Basi tunaanza upya," nikasema. "Na leo atakayeruka, analala stoo."

Lilinitoka tu. Mzee akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nikamshika mkono, mkono uleule uliokuwa unafunga komeo. Ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Nikaogopa kuuminya.

Tukaanza upya. Tulipofika pale, akasema utusamehe makosa yetu, sauti inakwaruza, na hakukohoa. Kisha akanyamaza, akanisubiri. Nikasema yangu, kwa sauti yangu ile ya kanisani, mpaka majirani wakaacha kufagia.