Kuku wa Embu

Mimi shule niliachia Form Two, lakini kuchekesha watu hakuhitaji cheti. Huku kwetu kijijini Kibirichia tukichagua viazi, kubwa huku, za mbegu kule, nikinyamaza kidogo watu wanauliza kama niko mgonjwa. Hata bibi yangu alinikubali kwa sababu ya kicheko, maana shamba sikuwa nayo, na sura unaiona.

Halafu akapata hiyo website. Ni kama ile ya kutafuta vitu kwa simu, lakini hii ni ya mchezo. Unauliza kitu, watu wenyewe wanakuandikia jibu la uongo, na lile linachekesha zaidi linapanda juu. Mtu akiuliza mvua itanyesha lini, anajibiwa, "Ukimaliza kuanika mahindi." Hiyo iliandikwa na mtu wa Embu mwenye picha ya kuku. Kila siku alikuwa juu, na kila siku bibi yangu anamcheka, mikono yote kwa maganda ya ndizi. Mimi nikileta utani wangu ananiambia, "Hiyo nilishasikia."

Sasa bibi yangu kwao ni Embu. Nikaanza kuhesabu wanaume wote walimtaka kabla yangu.

Nikajiunga. Nikaandika zile zangu kali kabisa, zile zimeangusha watu kwa viazi wakicheka. Kimya. Mmoja akanishauri nipumzike.

Siku moja mtu akauliza mume mzuri anajulikanaje. Kuku akajibu, "Mpeleke shambani. Akiongea kuliko jembe, mrudishe kwao." Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikaona huyu jamaa ananijua. Nikamwandikia mbele ya watu wote aache bibi za wenyewe, ama nije Embu nimnyonyoe manyoya moja moja.

Jioni bibi akanijia na simu, hacheki.

"Umeandikia mama nini?"

"Mama gani?"

"Mama yangu. Kuku ni mama."

Nikakalia gunia. Mama wa kanisa, mbele yangu hajawahi kufungua mdomo isipokuwa kuombea chai. Kwetu mama mkwe hataniwi. Akija njiani unampisha, unaangalia majani. Ndio maana bibi hakuniambia. Utani wa mama yake si wa masikio ya mkwe.

Nilimpelekea mama mkwe mbuzi na leso za kuomba msamaha, nikasimama uani kwake nikiangalia viatu vyangu mpaka akasema imeisha. Sauti ya upole, kama mtu hajui hata simu inawashwa wapi.

Wiki hiyo hiyo mtu akauliza kwa website, "Mkwe akikukosea unamfanya nini?" Kuku akajibu, "Unakula mbuzi yake polepole, asikosee tena haraka." Nyumba ikajaa kicheko cha bibi yangu.

Mimi nilikuwa na jibu tamu kuliko hiyo. Hata leo ninalo. Lakini nitamwandikia nani? Nikachukua ndoo nikaenda kukamua ng'ombe, na huko nje bado nilikuwa namsikia akicheka.