Jumamosi ya Lavonne

Delmar Stuckey hakuwahi kukaa kwenye kiti mpaka kiti kikapata joto. Alikuwa akifika kambini kwetu, huku Texas ya kusini ambako wazee wa mikoa ya theluji tunakimbilia kila majira ya baridi, na kabla hajazima pikapu yake alikuwa ameshaanza kuuliza barabara ya kuondokea ikoje. Mkewe, Lavonne, alikuwa akishuka taratibu upande wa pili, goti likimsumbua, anatuangalia sisi tuliokaa kwenye viti vyetu chini ya mibalungi kama mtu anayetazama chakula dirishani.

Mimi Ardith nimeishi kambi hii tangu nifiwe na mume wangu. Trela yangu, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari kama zote za hapa, iko jirani na kiwanja walichokuwa wakipewa kila wanapopita, na sina adabu ya kufumba macho. Jirani akipita mbele ya dirisha langu nitamtazama.

Walikuwa na kadi ya Klabu ya Nusu Bei. Mwanachama hulipa ada kwa mwaka, kisha kambi zilizojiunga zinamtoza nusu ya bei ya kiwanja. Linasikika jambo zuri, na kwa wengine ni zuri kweli. Lakini kila kambi ina masharti yake, na katika bonde letu lote masharti yalifanana: usiku mbili tu, halafu uondoke, na Ijumaa na Jumamosi punguzo hakuna. Kwa hiyo wenzetu hao walikuwa wakizunguka kambi hadi kambi, na kila Ijumaa asubuhi wanang'oa trela wanakwenda kulala bure kwenye maegesho ya duka kubwa fulani, kati ya malori, mpaka Jumapili nusu bei irudi.

Delmar alifurahia maisha hayo. Alikuwa ameuza vipuri vya matrekta kule Iowa tangu ujana, amesimama nyuma ya kaunta moja, anatazama mlango mmoja, na alipostaafu aliapa hatatazama tena kitu kimoja siku mbili mfululizo. Hata miguu ya trela hakuishusha. Unajua ile miguu minne ya chuma inayozungushwa kwa mkono mpaka ikagusa ardhi, nyumba ikatulia? Delmar alisema kwa usiku mbili ya nini. Basi Lavonne akigeuka kitandani nyumba nzima inatikisika, na Delmar akiamka kwenda chooni vikombe vinagongana kabatini.

Mwezi huo kadi yao ilikuwa inakwisha. Mwanamke wa klabu alikuwa akimpigia Delmar simu kila baada ya siku chache, sauti tamu kama sharubati, akimwambia kwamba akilipia miaka mitatu kwa pamoja atapata nafuu kubwa. Delmar akawa anajibu atafikiri, halafu anazunguka kambi akifikiri kwa sauti. Alimsimamisha kila mtu. Virgil, aliyekuwa mpeleka barua, alimwambia yeye aliwahi kununua kadi kama hiyo akaitumia mara moja tu, maana kila kambi aliyoitaka ilisema nafasi za nusu bei zimejaa. Meneja wetu, Oleta, alimwambia kwa mtu anayevuka nchi nzima inalipa, lakini kwa mtu anayezunguka bonde moja kama nzi kwenye taa, hajui. Mimi nilimwuliza dizeli anaiweka upande gani wa hesabu. Akahesabu kwa vidole, akapoteza hesabu, akaanza upya, akaenda kupiga teke matairi ya pikapu yake kuona kama yana upepo.

Alituuliza wote, hata mtu wa kukusanya taka. Ambaye hakumwuliza ni Lavonne.

Alhamisi Lavonne alikuja kwangu na kikombe chake cha kahawa, akaketi, akainuka, akaketi tena. Nikamwambia atulie, ananitia kizunguzungu.

"Ardith," akasema, "tumelala kambi nyingi sina hata hesabu. Nikianguka bafuni leo, nani atasema, mbona Lavonne sijamwona? Hakuna. Watajua kiwanja kimekuwa kitupu, na kiwanja chetu kila mara ni kitupu."

Nilimwongezea kahawa. Nikamwambia Jumamosi tuna chakula cha pamoja ukumbini, kila mtu analeta sufuria yake, na yeye alete zile tambi za kuku za kwao, anazozisukuma mwenyewe na kuzimwaga juu ya viazi vya kuponda. Akasema ndiyo, atakuja. Alilisema haraka, kabla akili haijamkumbusha Jumamosi yeye huwa yuko wapi. Kwa miaka minne ya kuzunguka hakuwahi kula chakula cha Jumamosi cha kambi yoyote, maana chakula hicho kila kambi huwa Jumamosi.

Jioni nikamsikia akimwambia mumewe. Delmar akasema Jumamosi ni bei kamili, tambi wanaweza kula popote. Kisha trela ikatikisika, nikajua mmoja wao anatembea huku na huku, na sikuhitaji kuuliza ni nani. Baadaye ikatikisika kwa namna nyingine, taratibu na kwa kuchechemea, nikajua sasa ni Lavonne. Hasira zilinipanda. Kuna wanaume wanaodhani ukimya wa mke ni ndiyo.

Asubuhi ya Ijumaa wakaanza kung'oa. Kila ndoa ya trela ina mgawanyo wake wa kazi. Kwao, Delmar alikuwa anaunganisha pikapu na kuchomoa waya wa umeme, Lavonne anaufungua mpira wa maji kwenye bomba la kiwanja, kisha anasimama nyuma kumwambia taa zinawaka au haziwaki, kwa sababu aliyeko kwenye usukani hawezi kuona nyuma ya nyumba yake. Nilimwona Lavonne amesimama pale nyuma, sufuria yake kubwa mkononi.

"Kushoto. Kulia. Breki," akaita kama kawaida. Halafu akatembea mpaka barazani kwangu, akaketi kwenye kiti changu cha pili, sufuria mapajani.

Delmar akatoa kichwa dirishani, akamwambia apande gari.

"Taa zote zinawaka," Lavonne akasema. "Nenda salama. Mimi Jumamosi nimeahidi watu tambi."

"Mama, usinifanyie mchezo. Nitaondoka kweli."

"Najua. Ndiyo maana nimekuangalizia taa."

Uso wa Delmar ulikuwa mwekundu mpaka kwenye upara. Virgil alikuwa ametoka na nguo zake za kulalia, wengine wamesimama na mbwa wao, na mwanaume mbele ya macho kama hayo hurudi nyuma kwa shida. Akakanyaga mafuta.

Mpira wa maji ulikuwa bado umefungwa bombani. Ulinyooka ukawa kama kamba ya kuanikia nguo, bomba la kiwanja likainama, likakatika shinani, na maji yakaruka juu kuliko mibalungi. Tuliloa sote. Mbwa wa Virgil alikimbilia chini ya meza. Delmar alikwenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara ya kambi, mpira ukimfuata nyuma kama mkia, kabla hajaona kwenye kioo kwamba kambi nzima inampungia mikono, wala si kwa kumuaga. Mpaka leo sijamwuliza Lavonne kama alisahau.

Oleta alifunga maji ya safu yetu yote, akamjia Delmar huku maji yanamdondoka nyweleni. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba bomba amelivunja yeye na atalitengeneza yeye, na hakuna kuondoka kabla safu haijapata maji. Delmar akarudi kinyumenyume kiwanjani. Lavonne aliinuka kumwelekeza kwa mikono, kwa sababu bila yeye angegonga mti, kisha akarudi kwenye kiti.

Hakuna anayeweza kusema Delmar hajui kazi. Alichimba, akapima, akakata, wanaume wakamzunguka kila mmoja na spana ambayo Delmar hakuitaka na ushauri ambao hakuuomba. Lakini gundi ya bomba ilihitaji kukauka mpaka kesho yake jioni, na kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akalipa bei kamili. Siku nzima alikuwa akizunguka lile shimo, anagusa bomba, anatazama barabara, anagusa bomba tena.

Jioni ya Jumamosi tambi za Lavonne ziliisha kabla ya chakula cha mtu mwingine yeyote, na sufuria ikakwanguliwa. Watu wa meza ya mbali walikuwa wanaita, Lavonne, uliweka nini humu. Kila akisikia jina lake alikuwa anageuka kwa mshtuko, kana kwamba kuna Lavonne mwingine nyuma yake. Delmar alikaa kati yetu, goti linachezacheza chini ya meza mpaka barafu ikalia kwenye glasi za chai baridi. Nikamwambia mguu wake utatumwagia. Akaushika kwa mkono.

"Umekuwa ukitaka hivi muda wote?" akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa unaendesha."

Delmar alitazama sahani yake, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

Jumapili asubuhi nusu bei ilikuwa imerudi katika kila kambi ya bonde. Nilisikia pikapu ikiwashwa, nikachungulia. Delmar alikuwa ameitoa kwenye trela, ameiegesha pembeni. Kisha akalala chini kwenye majani yenye umande, chuma cha kuzungushia mkononi, na mguu wa kwanza wa trela ukaanza kushuka. Ulilia kwa kutu. Alizunguka akashusha wa pili, wa tatu, wa nne, akajifuta mikono kwenye suruali na kubisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Lavonne alitembea ndani kutoka kitandani mpaka jikoni, akarudi, akaenda tena. Vikombe havikulia. Kisha nikamsikia analia yeye, kidogo tu, na Delmar amesimama nje hajui aweke wapi mikono.

Msidhani amepona. Mpaka leo anatembea kambi hii alfajiri, raundi kwa raundi, anapiga matairi ya watu teke.

Jumatatu mwanamke wa klabu alipiga simu. Sote tulikuwa barazani kwangu. Delmar alimsikiliza mpaka mwisho, miaka mitatu na nafuu zake zote, na goti likaanza tena.

"Subiri," akasema. "Bado sijamwuliza mwenyewe." Akampa Lavonne simu.

Lavonne aliishika kwa mikono miwili. Alituangalia, akamwangalia mumewe, akaileta sikioni.

"Hapana, dada, asante," akasema. "Jumamosi nina kazi."