Upepo Kwenye Breki

Zamani kitu kikiharibika mwenye nacho alikaa chini akakifungua apate kujua kinaumwa wapi, na siku hizi kitu kikikohoa mara moja tu kinatupwa, na mwenye nacho anaingia dukani kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi cherehani alikuwa mtu wa ile zamani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka: cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, pasi nzito, na ukuta uliojaa vipimo vya watu ambao wengine walikwisha kufa. Uani, chini ya paa la mabati, lilikaa gari lake. Lilikuwa gari kubwa la magurudumu manne yenye nguvu, safu tatu za viti, milango mizito kama ya benki. Alilinunua kuukuu kutoka kwa kampuni moja ya kupima barabara iliyofunga virago, wakati ana watoto saba na hakuna teksi iliyokubali kuwabeba wote. Watoto waliliita Ghala, kwa kuwa kila kilichopotea nyumbani kilipatikana humo.

Umekanika hakufundishwa na mtu. Alipata kitabu cha gari hilo kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kimeandikwa lugha asiyoijua vizuri, akakisoma kwa kamusi kwa miaka mitatu, ukurasa kwa ukurasa, huku akingoja wateja. Leo mtu ana simu yenye majibu yote ya dunia mfukoni, na akiulizwa gari lake linatumia mafuta gani ya injini anajibu, "Yale ya njano."

Gari alilitengeneza kwa mwendo wa ushonaji, maana ndio mwendo aliokuwa nao. Boliti alizitunza kwenye makopo ya vifungo. Alipofungua sehemu yenye vipande vingi alivitia alama kwa chaki ya kushonea. Mpira wa mlango ulipochakaa akaushonea mwingine kwa sindano ya turubai, na maji hayakuingia tena. Kitambaa cha dari kilipoanza kulegea na kuwagusa abiria vichwani, alikibandua chote akashona kipya chenye mikunjo iliyonyooka kama suruali ya bwana harusi. Viti akavivika turubai ya kijani yenye pindo mbili. Taa za mbele, zilizokuwa hafifu kama mshumaa, akazibadilisha akaweka za kisasa, akapitisha waya mpya ndani ya mfereji wa kitambaa alioushona mwenyewe.

Mkwe wake, mume wa binti wa mwisho, alipoingia humo mara ya kwanza alitazama juu, akatazama chini. "Baba," akasema, "hili gari lina nguo nyingi kuliko mimi."

"Na zake hazijachanika," fundi akajibu.

Binti huyo wa mwisho ndiye pekee aliyebaki karibu. Wale sita walishatawanyika kama vifungo vilivyomwagika. Basi mwaka ule na yeye akapata kazi mbali, safari ya siku mbili yenye milima mingi. Ilikuwa waondoke Jumapili, yeye, mumewe na watoto watatu, pamoja na magodoro na masanduku. Fundi akamwambia, "Ghala nimekupa. Mimi naenda wapi tena?"

Mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisini, mpole, anayenawa mikono kabla ya kula na baada ya kusalimiana. Alisema jambo moja tu, na alilisema kwa heshima. "Baba, nakushukuru. Lakini nawapakia watoto wangu. Likipita ukaguzi Jumamosi, tunakwenda nalo. Lisipopita, tutakodi lori, na hili tuwape watu wa vyuma chakavu, lisikuzibie uani."

Fundi akakubali. Ila usiku huo alitoka uani na tochi akalizunguka gari, maana alijua kitu ambacho mkwe hakukijua: breki za mbele zilikuwa zimeanza kuvuta upande. Zile kalipa, yaani makucha ya chuma yanayolibana gurudumu ukikanyaga breki, zilikuwa zimekula kutu mpaka zimekwama.

Alhamisi asubuhi akanunua kalipa mpya mbili. Akalinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akatoa za zamani, akatandika kitambaa chini na kuzipanga zile mpya juu yake pamoja, moja huku na moja kule, kama mikono ya shati. Jioni zilikuwa zimefungwa. Ikabaki kutoa upepo, kwa sababu ukifungua breki hewa huingia kwenye mafuta yake, na breki yenye upepo ni sawa na ahadi ya mlevi.

Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye pedali na mmoja chini ya gurudumu. Ijumaa asubuhi mkewe akapanda kwenye kiti cha dereva, kitambaa kichwani, miwani puani. Ni mwanamke aliyekaa naye dukani miaka arobaini akitia vifungo na kupiga matundu yake.

"Kanyaga," fundi akasema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akalegeza kinati kidogo nyuma ya kalipa. Mafuta yakapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya jemu, na mapovu machache. Akakaza. "Achia."

"Nimeachia. Miaka arobaini nakanyaga cherehani yako, nikadhani nimestaafu."

"Kanyaga."

"Ungenioa kwa miguu tu, mwili ungeuacha kwetu."

Wakaendelea hivyo mpaka saa sita. Chupa mbili za mafuta ya breki zikaisha, ya tatu ikafunguliwa. Mapovu yakakoma kabisa, na bado pedali ilizama chini kama mguu kwenye unga uliokandwa. Ukikanyaga mara ya pili haraka haraka, inashika. Ukitulia kidogo, inazama tena.

Fundi wa gereji ya jirani akaja kutazama. Alikuwa na kifaa kinachochomekwa kwenye gari kikataja ugonjwa. Akazunguka chini ya dashibodi kwa muda akitafuta pa kukichomeka, akatoka akijipangusa magoti. "Mzee, gari hili halisemi."

"Linasema," fundi akajibu. "Ni wewe hulisikii."

Lakini yule wa gereji alipoondoka, fundi cherehani alikaa juu ya debe akatazama mikono yake. Na yeye alikuwa halisikii.

Alasiri binti na mumewe wakaja na masanduku ya kwanza. Watoto wakajimwaga ndani ya gari, mdogo akalala chali kwenye kiti cha nyuma, akipitisha kidole kwenye pindo la turubai.

"Baba, imekuwa?" mkwe akauliza.

Hapa kuna jambo la kusema. Uwanja wa ukaguzi ni tambarare. Mkaguzi hulisogeza gari hatua ishirini, anakanyaga, anaandika. Mtu ajuaye kukanyaga mara mbili upesi angelipitisha na angemwonyesha mkaguzi jinsi ya kulipitisha. Fundi aliyajua hayo yote, na neno "imekuwa" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Gari lingeondoka kwa heshima, naye angebaki kuwa baba aliyelitoa. Akamtazama mjukuu aliyelala chali. Akaiwaza milima.

"Haijawa," akasema. "Msiondoke nalo."

Mkwe hakucheka, wala hakusema nilijua. Hilo fundi alilikumbuka kwa wema siku zote. Alitikisa kichwa taratibu. "Basi kesho nitampigia yule wa vyuma chakavu, Baba. Pole."

Binti akageuka, akaanza kuyatoa masanduku aliyokuwa amekwisha kuyapanga. Kila sanduku lililoshuka lilimwuma fundi kuliko kelele.

Aliyekasirika alikuwa mkewe. Aliteremka kwenye kiti cha dereva, alikokuwa amerudi kukaa, akishika kiuno. "Nimekanyaga tangu asubuhi kama punda wa kinu," akasema, "na hicho unachofungua sijakiona hata kwa jicho. Nionyeshe."

"Utaona nini, Mama Watoto? Ni kinati tu."

"Nionyeshe hicho kinati tu."

Akainama, akavua miwani, akaipangusa kwa khanga, akaivaa tena. Akaangalia kalipa ya upande huu. Akazunguka mbele ya gari, akaangalia ya upande ule. Akarudi.

"Hicho ndicho cha kutolea upepo?"

"Ndicho."

"Mbona kiko chini?"

Fundi akaiweka spana chini.

"Mimi ni wa vifungo tu, sijui magari," mkewe akasema. "Lakini nimepiga pasi maisha yangu yote, na sijaona mvuke ukishuka sakafuni. Upepo si uko juu? Wewe unautolea chini. Utatoka vipi, uombe ruhusa?"

Fundi akapiga magoti. Akaitazama kalipa kama mtu anayesoma barua ya zamani kwa mara ya pili. Kinati kilikuwa chini. Kwenye kitabu chake, ukurasa aliokuwa ameusoma hadi ukalegea, kilichorwa juu. Akaenda upande wa pili: chini vilevile.

Ndipo akaelewa, na alielewa kwa mikono kabla ya kichwa. Nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa, ndani nje. Kipande kilicho kulia kwako mezani ndicho kitakachokuwa kushoto kikishavaliwa. Vipande vya gari alivitia chaki kwa kuwa hakuviamini, lakini mikono ya shati hakuwahi kuitia alama hata siku moja. Mkono wake uliijua, ukaokota wa kulia na kuupeleka kushoto bila kumwuliza. Kalipa zilikaa juu ya kitambaa kama mikono ya shati. Mkono ukafanya ulichozoea.

"Nimezishona kinyume," akasema polepole.

Mkewe akamtazama, mdomo ukaanza kumcheza. "Kama lile koti la mwalimu."

"Usilitaje koti la mwalimu."

"Koti gani, Mama?" binti akauliza. Sanduku lilikuwa bado mikononi mwake.

"Ulikuwa hujazaliwa. Baba yako alikuwa na homa, akambandikia mwalimu mkono wa kulia kushoto. Mwalimu wa watu akaenda kwenye sherehe viwiko vinatazama mbele, kama mtu anayetaka kukimbia kinyumenyume."

Binti akacheka kwanza, kisha mkwe, kisha fundi mwenyewe, kicheko kilichomtoka kifuani kikamwacha mwepesi na macho yamelowa. Alikaa chini kwenye mchanga wa uani. Haikuwa uzee. Hakuwa amesahau kazi. Alikuwa ameijua mno.

"Jua bado lipo," mkwe akasema. Akavua saa yake akaiweka kwenye dirisha, akakunja mikono ya shati lake la ofisini. "Niambie nishike nini."

Fundi akampa spana. Mkwe akalala chali ardhini, mtu yule wa kunawa, na baada ya muda mfupi uso wake ulikuwa na mafuta hadi masikioni. Wakazitoa kalipa, wakazibadilisha pande. Vinati vikakaa juu, vinatazama mbingu.

"Kanyaga," fundi akasema.

"Nimekanyaga," mkewe akajibu kutoka juu.

Akalegeza. Mapovu yakabubujika kwenye chupa ya jemu kama sufuria inayochemka, mengi, makubwa, yakifuatana. Fundi alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Yakapungua, yakawa moja moja, yakakoma. Akakaza. Wakafanya na upande wa pili.

"Haya, kanyaga mara moja tu. Useme."

"Imegonga ukuta," mkewe akasema.

"Rudia."

"Nakwambia ukuta, Baba Watoto. Njoo uweke mguu wako, wangu umechoka kutoa ushahidi."

Akapanda, akakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, ya juu, imara. Akaacha mguu palepale akahesabu hadi mia moja. Haikuzama. Akainamisha kichwa kwenye usukani, na mkewe akaenda jikoni kuchemsha chai ili asimtazame.

Jumamosi Ghala lilipita ukaguzi. Mkaguzi hakuuliza habari za breki, aliandika tu. Aliuliza ni nani aliyeshona viti.

Walifika salama. Binti alipiga simu Jumatatu jioni akasema wameteremka milima yote na mumewe hakukanyaga mara mbili hata mahali pamoja. Baadaye kazi ile ikawahamisha, kisha ikawahamisha tena, hadi ng'ambo, ambako mtu haendi kwa barabara. Zamani mtu akisafiri alirudi, hata kama ni kwa kuzika. Siku hizi hutuma picha. Wajukuu humsalimu babu yao kupitia kioo cha simu, wakikua kwa vipande, na mazungumzo yakikatika hakuna wa kulaumiwa. Fundi hana kinyongo nao. Ana kinyongo na dunia, lakini hicho alikianza kabla yao.

Mara ya mwisho aliyowaona kwa macho yake ilikuwa asubuhi ile ya Jumapili. Alisimama getini na mkewe, ameshika komeo la geti kwa nguvu bila kujua. Ghala liliteremka mtaani limebeba magodoro juu, mkwe kwenye usukani, binti kando yake ametoa mkono dirishani. Karibu na duka la dawa, mwuza mayai akachomoza na baiskeli kutoka uchochoroni, trei zimepangwa hadi juu ya kichwa chake, hatazami huku wala huku.

Gari likasimama. Halikuyumba, halikulia, lilisimama tu, palepale. Kwenye kioo cha nyuma vichwa vitatu vya wajukuu viliinama mbele kwa pamoja, vikarudi. Mwuza mayai akapita na mayai yake bila hata kujua. Kisha Ghala likaondoka tena taratibu, likakata kona, na mkono wa binti ukaonekana bado nje ya dirisha, halafu haukuonekana.

"Imeshika," mkewe akasema.

"Imeshika," fundi akajibu, akaliachia komeo.