Nyoka wa Mia Chini ya Bati la Royce

Nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mwenye akili timamu na viatu vilivyopigwa rangi, nilikubali kufungwa macho kwa foronya na kupelekwa porini.

Foronya ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa safi na imepigwa pasi.

Namwomba msomaji asicheke kwanza. Sababu ninayo.

Mimi, Lyman Thorpe, ni mtafutaji wa nyoka mfalme katika vilima vya mashariki mwa San Diego. Nyoka huyo ni mweusi mwenye pete nyeupe, hana sumu, na hula nyoka wenzake, hata wale wenye njuga mkiani. Hatumkamati ili tumuuze wala tumfuge. Tunamtafuta, tunampiga picha, tunamwandika daftarini, kisha tunamwacha alipo.

Daftari langu lilikuwa na nyoka tisini na tisa.

Wa mia ndiye aliyebaki. Mjukuu wangu Odessa, mwenye miaka tisa, alikwisha kulitangazia darasa lake zima, na asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwa mama yake akiandika 100 kwa sukari juu ya keki. Nilimwahidi kurudi na wa mia kabla ya chakula cha mchana. Mtoto yule sijapata kumwambia neno lisilo la kweli.

Sasa, sisi watafutaji tuna desturi moja: mahali pako pa siri humwonyeshi mtu. Unaweza kumpa rafiki figo. Mahali, humpi.

Royce Tallmadge, fundi bomba mstaafu na rafiki yangu wa miaka thelathini, ndiye aliyekubali kuivunja desturi hiyo kwa heshima ya nyoka wangu wa mia. Kwa sharti la foronya.

"Mwalimu, ukichungulia, urafiki umekwisha," alisema akikaza fundo.

"Nimesimamia mitihani ya hesabu miaka thelathini na minne. Sichungulii."

"Na wewe je, Marisela?"

"Mimi nilikuwa nesi," akajibu Marisela Ocampo, mwenzetu wa tatu, naye amefungwa kwa foronya ya maua. "Siri zako zote nilikwisha kuziona siku ya upasuaji wako, Royce. Endesha gari."

Pikapu ilizunguka karibu saa nzima. Harufu ya mkate wa duka lilelile ilinipita puani mara tatu. Nilinyamaza kwa adabu.

Kisha tukasimama, na nikasikia geti likifunguliwa.

Lililia mara mbili, sauti ikakatika, kama mbuzi aliyebadili mawazo katikati ya sentensi.

Geti lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelifungua kila Jumanne kwa miaka kumi na moja.

Mtu mwingine angesema. Lakini kusema kwamba ninapajua kungekuwa kutoboa siri ya mahali pangu. Nikafunga mdomo, nikashikwa mkono, nikatembea.

"Mmejuaje?" Royce aliuliza ghafla.

"Tumejua nini?"

"Kwamba hapa pana mfereji. Sijasema kitu. Mmeinua miguu wote wawili."

"Nimebahatisha," alisema Marisela.

"Nami pia," nilisema, na huo ndio uongo wangu wa pekee katika kisa hiki. Nimekwisha kuuungama.

Foronya zikatolewa. Mbele yetu lilikuwa bati lililoliwa na kutu, la aina ambayo nyoka hupenda kujificha chini yake, na kando yake jiwe lenye umbo la kiatu. Chini ya jiwe palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, karatasi.

"Kabla sijainua bati," alisema Royce, "lazima mjue kwamba hapa nina adui. Kuna mtu huja kwa siri na kuniachia barua. Sikilizeni ujeuri huu."

Akavaa miwani, akasoma.

"'Kwa mharibifu usiyejulikana. Bati hurudishwa pale pale lilipokuwa, bila kupungua wala kuzidi hata kidole. Je, hukulelewa?'"

Nilitazama milima.

"Nikamjibu: 'Nililelewa vizuri. Wewe ndiye unayelisogeza kushoto.' Miaka sita tunajibizana hivi, Mwalimu. Huyu ni mtu asiye na haya. Na angalia mwandiko wake, kama wa katibu kata."

"Mwandiko huo," nilisema, "ni wangu."

Royce alivua miwani polepole.

"Wewe?"

"Mimi. Na kushoto unalisogeza wewe."

"Hapo chini kuna mstari wa tatu," alisema Marisela bila kututazama. "Soma na huo."

Royce akasoma: "'Nyinyi wawili nyamazeni, mnamsumbua nyoka.'"

"Mimi huja Alhamisi," alisema Marisela.

Wazee watatu, marafiki wa miaka thelathini, tulikuwa tumefichana ekari moja ya majani makavu.

Hatimaye Royce akaingiza fimbo yake yenye ndoano, akainua bati.

Alikuwapo. Mweusi, pete nyeupe, amejikunja kwa utulivu kama mwenye nyumba.

"Wa mia," alinong'ona Royce. "Hongera, mzee wangu."

Nilikwisha kutoa kalamu Marisela aliposema, "Huyo ni Doña Remedios."

"Nani?"

"Doña, yaani Bibi kwa Kihispania; jina nimempa mimi. Pete yake ya tatu imekatika ikaungana na ya nne, kama kiti kilichoanguka. Nimempiga picha tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Fungua daftari lako, Mwalimu."

Nilifungua, nikazikagua picha nilizobandika. Nyoka wa kumi na nane: kiti kilichoanguka. Wa ishirini na mbili: kiti. Wa thelathini: kiti. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba nyoka hakai mahali pamoja, basi kila Jumanne niliyomkuta nilimwandika kama mgeni.

Tulihesabu tumechuchumaa juani. Katika nyoka wangu tisini na tisa, arobaini na mmoja walikuwa Doña Remedios.

Royce alinishika bega. "Sikiliza, bwana. Tunajua sisi watatu tu. Andika mia, twende tukale keki."

Nilikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikaandika: hamsini na tisa.

Tukalirudisha bati, watu watatu tukilipima kwa vidole, na Royce akalisogeza kushoto kidogo. Nilimwona.

Mezani nilimweleza Odessa kila kitu, nimesimama, kama inavyompasa mtu anayeomba radhi. Akachukua kisu, akakwangua sukari, akaandika 59 bila kulalamika. Kisha akafikiri.

"Babu, kwa hiyo huyo nyoka amekuona mara arobaini na mbili, ukijumlisha leo?"

"Ndiyo."

"Na babu Royce? Na bibi Marisela?"

"Mara nyingi pia."

"Basi labda na yeye anajigamba kwa wenzake huko kwamba ameona wazee zaidi ya mia."

Royce alipaliwa na keki hadi Marisela akampiga mgongoni.

Ninaandika haya kwa kila anayelinda daftari lake asilione mtu. Hesabu usiyomruhusu mwenzako kuikagua bado si hesabu. Mimi niliifundisha hesabu miaka thelathini na minne, nikaja kusahihishwa na mtoto wa miaka tisa, mbele ya mashahidi, nikiwa na sukari kwenye masharubu.

Sasa tunakwenda Jumamosi, watatu pamoja, macho wazi. Chini ya jiwe tumeacha karatasi mpya yenye majina yetu kamili.

Juzi tulikuta imejibiwa. Mwandiko hatuujui.